Mlingoti wa Thuranira

Kule Kianjai kuna mtu aliyekuwa akizungumza na Finland karibu kila jioni, lakini na jirani yake Kobia, ambaye hoteli yake imeegemea ua wake, alikuwa hajazungumza tangu siku za korona. Usidhani walikuwa na kesi. Hawakugombania mpaka, ng'ombe wa huyu hakula mahindi ya yule, wala hakuna aliyemwita mwenzake mchawi, angalau si hadharani. Ni kwamba tu Finland ilikuwa karibu zaidi.

Mtu mwenyewe anaitwa Thuranira, polisi mstaafu, mrefu, mkimya, mwenye goti bovu na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ana kigugumizi. Sisemi kile kigugumizi cha kupendeza kinachompata kijana akimwona msichana amesuka nywele. Cha Thuranira ni kama pikapu iliyokwama kwenye tope la Aprili: gurudumu linazunguka, moshi unatoka, watu wanakusanyika, na gari haliendi popote.

Watu wa Kianjai wana roho nzuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Hakuna aliyemcheka. Wote walimsaidia. Akiingia dukani na kusema "Nataka s-s-s," mwenye duka alikuwa ameshapima sukari, ameshafunga, ameshamrudishia chenji na anamhudumia mtu mwingine. Yeye alitaka sabuni. Basi alirudi nyumbani na sukari, kwa sababu kuikataa kungehitaji sentensi nyingine. Nyumbani kwa Thuranira sukari haijawahi kuisha, na nguo zilifuliwa kwa kubahatisha.

Mkewe, Igoki, alikuwa bingwa wa msaada huo. Huyu mama alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kuona neno limekatika katikati akaliacha hivyo. Alimmalizia mumewe sentensi zote, hata zile ambazo hakuwa amezianza. Siku ya harusi yao kiapo alikula yeye cha pande zote mbili, na mchungaji, aliyekuwa na harusi nyingine kule Muthara, akashukuru sana. Igoki alimpenda mumewe kweli. Alimpenda kiasi kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujua mumewe anataka kusema nini.

Utauliza mtu wa namna hiyo aliingiaje polisi. Zamani hizo watu waliandikwa kwa mbio na meno. Thuranira alikuwa na mbio na alikuwa na meno, na hakuna aliyemuuliza swali. Walipompa doria ndipo ilipojulikana. Inasemekana mwizi mmoja wa Isiolo alikimbia, akachoka, akapumzika, akageuka kuona polisi amebaki nyuma bado anajaribu kumwambia asimame. Mkubwa wake hakuwa mtu wa kutupa chombo. Akampeleka kaskazini, kwenye kibanda cha redio, mahali ambapo ujumbe ulitumwa kwa kugonga kifunguo kidogo cha shaba: pigo fupi, pigo refu, herufi baada ya herufi, kwa mtindo ule wa Morse.

Vidole vyake havikuwa na kigugumizi.

Hilo alilijua yeye peke yake kwanza, kisha vituo vyote vya kaskazini vikalijua. Kule hewani Thuranira alikuwa msemaji. Alitoa habari, alitania, alibishana, alimaliza hadithi zake mwenyewe. Polisi waliokuja kumwona ana kwa ana baada ya kumsikia redioni walidhani wameletewa mtu mwingine.

Alipostaafu, wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alinunua redio kuukuu, akaomba leseni ya serikali, akaipata, akaitundika ukutani pale ambapo watu hutundika picha ya harusi. Halafu akasimamisha mlingoti. Aliunganisha mabomba ya chuma moja juu ya jingine, akavuta nyaya hadi kwenye mvule wa mpakani, na alipomaliza mlingoti ulikuwa umeupita msalaba wa kanisa kwa kimo. Huko Kianjai hilo lilitosha kabisa kuwa kosa la kwanza.

Chumba cha redio kilikuwa ghala la mahindi. Kila jioni Thuranira alikaa humo katikati ya magunia, akazungumza na Juhani, dereva wa basi mstaafu wa huko Finland, kwa Kiingereza cha kugonga. Walizungumza mambo makubwa sana: theluji, maziwa, magoti. Juhani alijua kuhusu goti la Thuranira vitu ambavyo hata daktari wa Meru hakuvijua, maana kwa daktari alikwenda na Igoki, na Igoki alimwambia daktari ni mgongo.

Sasa, redio ikitupa sauti angani haichagui inaangukia wapi. Inaruka hadi Finland, sawa, lakini njiani inaingia kwa jirani bila kubisha. Na majirani wa Thuranira walikuwa wamenunua spika, runinga, chaja na taa za bei ya kutupa, vyombo ambavyo ndani vina waya mwembamba na maombi. Thuranira akigonga, vyote viliitikia. Taa ya ulinzi ya langoni ikawaka na kuzima mchana kweupe. Spika zikasema tk, tk, tkk. Mashine ya kuangulia vifaranga ya jirani yake Ednah ikalia pii pii kama kengele ya hatari, na Ednah akatoka mbio shambani na jembe mkononi, akidhani mayai yanaungua, akayakuta yamelala salama. Alikimbia hivyo mara nyingi hadi akapungua mwili, na wanawake wenzake wakamuuliza anatumia dawa gani.

Kanisani mambo yalikuwa mengine. Mchungaji Mutwiri ana kanisa la mabati lenye spika kubwa kuliko mlango. Jumapili moja alasiri alikuwa akiombea mvua, amefumba macho, amekunja ngumi, akapaza sauti: "Nena, Bwana! Watumishi wako tunasikia!" Spika ikajibu, tk tk tkk, tk. Mutwiri akafumbua jicho moja. Ndipo Ednah, yule yule wa mashine, mwenye kipaji cha kufasiri lugha za rohoni, akasimama akitetemeka na kutangaza kwamba Bwana amesema mvua ipo njiani, ila wanawake waache umbea. Ukweli ni kwamba Thuranira alikuwa akimweleza Juhani jinsi ng'ombe wake alivyovimbiwa na majani ya viazi. Lakini Jumatano mvua ikanyesha, na Jumapili iliyofuata kanisa likajaa hadi watu wakasimama nje.

Kwa hiyo Ednah siku za kazi alimlaani Thuranira, na Jumapili alimfasiri.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Kobia. Hoteli ya Kobia inauza chai, ndengu, chapati na mpira, na kati ya vyote hivyo mpira ndio wenye wateja. Jioni moja hoteli ilijaa, watu wamekaa hadi juu ya friji, timu zimebanana, dakika zinaisha, na penalti ikatolewa. Mpigaji akaweka mpira. Akarudi nyuma. Akakimbia. Picha ikaganda, mguu wake ukiwa hewani, na spika ikaanza: tk, tkk, tk tk. Watu wazima walipiga magoti mbele ya runinga. Mmoja akaipiga kofi. Picha iliporudi wachezaji walikuwa wanapeana mikono na hakuna aliyejua ilikuwaje. Wateja wakaondoka wakisema wataenda kwa hoteli ya kule juu, ambayo ina runinga ndogo lakini haina Afande.

Kobia si mjinga. Angeweza kwenda kwa wakubwa wa mawasiliano, lakini huko wangemwomba Thuranira maelezo kwa maandishi, na maandishi hayana kigugumizi. Akaamua kuwapelekea wazee wa kijiji malalamiko yake. Kwa wazee hakuna karatasi. Mtu anajitetea kwa mdomo wake, palepale, mwenyewe, wala hakodishi mtu wa kumsemea. Akafunga kitita kizuri cha miraa kwa majani ya mgomba kama desturi inavyotaka, akampelekea mwenyekiti wao, Mzee Kailemia. Mzee akakipokea, na kesi ikawa kesi.

"Atajitetea saa ngapi?" Kobia aliwaambia wateja wake waliobaki. "Afike tu kwa 'mimi,' sisi tushamaliza. Hiyo mlingoti inalala chini siku hiyo hiyo. Nimeshaongea na fundi wa welding."

Habari zilipomfikia Thuranira, hakula. Aliketi katikati ya magunia yake, mkono juu ya kifunguo, bila kugonga. Igoki alimwona akaelewa kwa namna yake.

"Usiwe na wasiwasi, Baba Winrose," akamwambia. Winrose ni binti yao aliyeolewa Embu. "Mimi nitasimama niwaambie kila kitu. Nitawaambia hiyo redio ni ya kupitisha wakati tu, na kama inawasumbua utaitoa. Si ndio ulikuwa unataka kusema?"

"H-h-ha..."

"Haina shida, najua," akasema Igoki, akaenda kukamua ng'ombe.

Siku ya kesi watu walijaa katika ukumbi wa chifu. Walikuja hata wale wasio na runinga. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, fundi wa kuchomelea aliketi juu ya ngazi yake na msumeno wa chuma mapajani, akimenya ndizi, mtu anayejua kwamba kazi ipo.

Mzee Kailemia alikaa mbele na wazee wenzake. Sitamsifu bure. Si mtu wa maneno mazito wala hekima ya kupita kiasi. Ana sikio moja linalofanya kazi, ana simu inayoita kwa wimbo wa kwaya, na siku hiyo alikuwa ameahidiwa chai na nyama mara tu kesi ikiisha. Ila ana fimbo nyeusi, na ana sheria ya fimbo, ambayo ndiyo kitu pekee katika dunia ya leo ambacho watu bado wanakitii. Sheria ni hivi: mwenye fimbo ndiye anayesema. Mpaka aitoe mkononi mwake kwa hiari yake, hakuna mwingine wa kufungua mdomo, awe mke, mchungaji au mheshimiwa. Anayemkatiza, analipa mbuzi. Waliiweka zamani ili kuzuia watu wa Kianjai kupayuka wote kwa pamoja, jambo ambalo bila mbuzi haliwezekani.

Kobia alipewa fimbo kwanza, akazungumza kama anagombea kiti cha wadi. Alitaja wateja wake waliohama. Alitaja penalti, na ukumbi mzima ukaguna kwa uchungu. Halafu akaona imemnogea akaongeza chumvi: parachichi zilizopukutika kabla ya wakati, kuku wanaotaga mayai madogo, presha za wazee, na mbwa wake ambaye siku hizi anabweka akiangalia juu. "Mimi si adui wa Afande," akamaliza. "Enyewe namheshimu. Lakini hiyo chuma ishuke leo. Fundi yuko hapo nje, hata hatawalipisha."

Mchungaji Mutwiri alipopewa fimbo akageuka huku na huku kama mtu anayepika chapati. Akasema kelele hizo kwa kweli zinavuruga ibada. Akasema pia, kwa upande mwingine, njia za Bwana ni nyingi, na mahudhurio yamekuwa mazuri. Akaketi kabla mtu hajamuuliza yuko upande gani.

Kisha fimbo ikapewa Thuranira.

Alisimama. Jasho lilikuwa limemtoka hadi kwenye kola. Kabla hajafungua mdomo, Igoki alikuwa wima, ameshajifunga leso kiunoni.

"Wazee, mume wangu anasema..."

"Mama," akasema Kailemia, "fimbo iko na nani?"

"Iko na yeye, lakini mnamjua vile..."

"Basi keti. Hiyo ni ya kwanza nakusamehe."

Igoki akaketi, mdomo wazi. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukaa akiwa na sentensi ya mumewe mdomoni isiyo na pa kwenda.

"M-m-m-m," Thuranira akaanza. "M-m-m..."

"Mimi!" akasema Kobia, kwa wema kabisa. "Anataka kusema mimi."

Kailemia akageuza lile sikio lake zima. "Kobia. Mbuzi."

"Lakini mzee, si nilikuwa namsaidia tu!"

"Na huyo sasa ni wa pili. Unataka tufungue zizi?"

Kobia akafunga mdomo. Akakalia mikono yake yote miwili, sijui kwa nini, maana si mikono iliyokuwa imemponza. Thuranira akaendelea.

"Si m-m-mimi," akasema. "Ni ml-ml-mlingoti. Nilikuwa nasema ml-mlingoti."

Hapo ndipo kila mtu alipofahamu walichojifanyia. Wote waliijua sheria ya fimbo tangu utotoni, na wote walikuwa wakijua kigugumizi cha Thuranira, ila hakuna aliyewahi kukaa akaviweka pamoja. Sasa walikuwa wamefungiwa ndani ya ukumbi wa mabati na mtu ambaye hawakuruhusiwa kumsaidia.

Ilichukua muda. Jua lilihama kutoka dirisha la mashariki, likapita juu ya bati, likaanza kuchungulia upande wa pili. Chai ya wazee ililetwa ikapoa ikapashwa ikapoa tena. Thuranira akikwama kwenye neno, ungeona ukumbi mzima umevimba mashavu. Neno lile kila mtu alilijua, lilikuwa limekaa hapo hewani, linaning'inia kama papai bivu, na hakuna wa kulichuma. Mchungaji alifumba macho akijifanya anaomba. Igoki alisokota ncha ya leso akaiingiza mdomoni, akaiuma. Mzee mmoja alisema "Aaah!" neno lilipotoka hatimaye, wakajadiliana kwa macho kama hiyo ni mbuzi, wakaona ni kupumua tu.

Na maneno yalipokuwa yakitoka, hayakuwa yale waliyoyatarajia. Hilo liliwashangaza zaidi. Walipodhani anaelekea kuomba radhi alikuwa anaelekea kwingine. Walipodhani atakataa, akakubali.

"Ni k-kweli," akasema. "Ni redio yangu. Ma-ma-maparachichi hapana. Mbwa, hapana. Lakini runinga na sp-spika, ni mimi. Nilijua t-tangu mwanzo."

Akawaambia kwamba tatizo hilo lina dawa. Kuna pete nyeusi za chuma, ndogo, unazungushia waya wa runinga au spika, na zile kelele zinabaki nje. Si lazima mtu anunue. Juhani alishamtumia kwa posta, za kutosha majirani wote, na ziko kwenye mkebe wa kakao chini ya meza ya redio tangu mwaka uliopita.

Hapo Kailemia mwenyewe alisahau sheria yake. "Tangu mwaka uliopita? Kwa nini hukuwaletea?" Wazee wenzake wakamtazama. Akakohoa. "Mbuzi nitatoa," akasema kwa unyonge. "Jibu."

Thuranira aliikamata ile fimbo kwa mikono miwili. Alijaribu mara kadhaa. Niseme ukweli, sijawahi kuona ukumbi wa watu wa Kianjai ukimsikiliza mtu hivyo, hata mtu aliyeleta pesa.

"Kwa sababu ni-ni-ningelazimika kuongea na nyinyi," akasema. "Nikija kwako K-Kobia na pete, kabla sijasema n-nimeleta nini, utasema nimekuja kukopa. Utanipa ch-chai ya bure. Nitakunywa, nirudi. Mchungaji ata-ataniombea nipone. Na mke wangu..." Alimtazama Igoki, na Igoki akatazama chini. "Mke wangu atawaambia ni mgongo. Ni g-g-goti. Miaka yote ni goti."

Akapumzika.

"Yule mtu wa Finland hajui kama nina k-kigugumizi. Sijamwambia. Yeye anajua ng'ombe wangu, anajua Winrose, anajua n-napenda nini na nachukia nini. Nyinyi mmeishi na mimi maisha yangu yote na mnajua k-kigugumizi tu. Mkiushusha huo ml-ml..." Alikwama. Alikwama vibaya, mishipa ya shingo ikasimama, na ukumbi ukangoja naye, na yeye akauona ukingoja. "Mlingoti. Mkiushusha, mtakuwa mmenikata ulimi. Huu wa mdomoni m-mlishauchukua zamani."

Akaweka fimbo mezani.

Usidhani watu walilia. Kianjai hatulii barazani. Tunatazama viatu vyetu, tunauliza saa ngapi. Lakini nje fundi alichungulia mlangoni kuuliza kama aanze kupanda, na Kobia, aliyemleta, akamwambia kwa ukali aache upuzi, watu wanafanya kesi.

Wazee walinong'ona kwa muda mfupi sana, kwa kuwa nyama nayo ilikuwa inapoa. Kailemia akasimama na kutoa uamuzi. Mlingoti ubaki. Wakati wa mechi Thuranira asigonge, Finland haitahama. Na hizo pete azipeleke mwenyewe, nyumba kwa nyumba, peke yake bila mama kumsindikiza. Katika kila nyumba aeleze kwa mdomo wake amekuja kufanya nini na waya unafungwaje, hadi mwenye nyumba aridhike kwamba ameelewa.

Thuranira alikuwa amejiandaa kwa faini. Angelipa fahali. Angelipa fahali wawili kuliko hiyo. Akainua mkono kukata rufaa, lakini fimbo ilikuwa imeshachukuliwa, na wazee walikuwa wanaelekea kwenye nyama.

Ilimchukua siku kadhaa kupiga moyo konde. Asubuhi aliyotoka, Igoki alimsindikiza hadi langoni, akafungua mdomo, akaufunga, akaurekebisha mkoba wa pete begani mwake badala yake. Kwa Ednah mambo yalianza vibaya.

"Ni-ni-nime..."

"Umeokoka!" akapiga kelele Ednah. "Asante Yesu!"

"H-hapana. Nimeleta p-pete."

Lakini alimaliza, na mashine ya vifaranga ikanyamaza, na Ednah akamkamatia kuku. Mchungaji Mutwiri alisikiliza kwa subira kubwa maelezo yote ya spika, akaridhika kwamba ameelewa, akazipokea pete kwa mikono miwili, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama hiyo spika kubwa ya mbele inaweza kungoja hadi baada ya maombi ya mwisho wa mwezi.

Kwa Kobia alienda mwisho kabisa. Ilikuwa alasiri, hoteli ina watu, na Kobia amesimama katikati ya meza na birika mkononi, akimimina chai. Thuranira alisimama mlangoni.

Kwetu hodi haimalizwi na mtu yeyote, hata mwenye ulimi mwepesi namna gani. Ukigusa tu mlango, karibu inakupokea, na kabla hujaingia umeshavutiwa kiti. Ni heshima, na hakuna anayeifikiria.

"H-h-h," akasema Thuranira. "Ho-ho..."

Mteja wa meza ya mlangoni akafungua mdomo. Kobia akamwinulia kiganja, na yule akaufunga. Watu wakageuka, wakaona ni nani, wakaweka vikombe chini mmoja baada ya mwingine. Kwenye runinga mtu alikuwa akitangaza sabuni na Kobia akanyoosha mkono akaizima. Hakutabasamu, hakutikisa kichwa kumtia moyo, hakufanya uso wa huruma. Alisimama tu na birika lake, kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda.

"Ho-ho-ho," akasema Thuranira, na jasho likamtoka, na Kobia akangoja. "Hodi."

"Karibu," akasema Kobia.